Umeongeza RAM, kompyuta bado nzito? Soma hapa kwanza

Wadau, nilitoka Kibondo mpaka Kasulu kufuata RAM ya kompyuta ya dukani. Ilikuwa na 4GB, nikaongeza 4GB. Kuwasha, zimeonekana 8GB ila inatumia 3 na ushee tu! Nikajua nimepigwa, nikataka nirudi Kasulu kugombana.

Kumbe RAM ni nzima. Windows yangu ilikuwa ya biti 32, na hiyo haivuki 4GB hata uongeze ngapi. Nikahamishia picha za bidhaa na oda za wateja kwenye flashi, nikaweka Windows ya biti 64. Zote zikasoma.

Kabla hujatoa hela: bofya kulia This PC, ingia Properties, soma System type. Ukikuta 32-bit na x64-based processor, anza na Windows, RAM baadaye.