Kahawa ya Barafu ya Sikukuu: Jinsi Ubaridi Unavyoficha Sukari

Kahawa inayosagwa kwa blenda pamoja na barafu, maziwa na viungo ni kinywaji kichanga katika historia ndefu ya kahawa. Mwaka 1957, katika maonyesho ya kimataifa ya biashara mjini Thessaloniki, Ugiriki, kahawa ya unga inayoyeyuka ilitikiswa na maji baridi hadi ikatoa povu zito, na kinywaji hicho kikawa cha Wagiriki wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Coffee Connection ya Boston, Marekani, ilibuni mchanganyiko wa kahawa, maziwa na barafu ulioitwa Frappuccino, na Starbucks, iliyoinunua kampuni hiyo mwaka 1994, ikaueneza kuanzia mwaka uliofuata. Siku hizi, msimu wa Krismasi unapokaribia, migahawa ya Marekani na Ulaya huuza aina zenye chokoleti, mnanaa, mdalasini na krimu, japokuwa huko ni majira ya baridi. Katika pwani ya Afrika Mashariki Desemba ni mwezi wa kaskazi, joto limepanda na wageni wamejaa nyumbani, kwa hiyo kinywaji hiki kinastahili meza ya sikukuu ya hapa kuliko ya kule kilikozaliwa, mradi kiandaliwe kwa kuelewa jambo moja ambalo mapishi mengi hulipuuza, nalo ni kwamba ubaridi huuficha utamu.

Juu ya ulimi kuna seli za ladha zenye vipokezi, yaani protini zinazonasa molekuli za vyakula. Molekuli ya sukari inaponaswa, seli huanzisha mfululizo wa ishara za kikemikali unaofungua njia nyembamba ya protini katika utando wake, njia ambayo wanasayansi wameipa jina la TRPM5, na kufunguka kwake ndiko kunakofanya neva zipeleke ubongoni taarifa kwamba kilichomo kinywani ni kitamu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba njia hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35 za Selsiasi, na hulegea joto linaposhuka. Kinywaji kilichojaa barafu hufika kinywani kikiwa karibu na nyuzi sifuri, hivyo ulimi hupokea sehemu tu ya utamu uliomo. Mwandaaji huonja, huona kimepooza, huongeza kijiko, huonja tena na kuongeza kingine, ilhali kinywaji hichohicho kikishafika tumboni hupata joto la mwili na sukari yake yote huingia katika damu bila kupungua hata chembe.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani sukari inayoongezwa kwenye chakula pamoja na ile iliyomo katika asali, sharubati na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu hula kwa siku, na kwamba kuishusha hadi chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango cha kwanza ni takriban gramu 50 na cha pili ni gramu 25, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Sasa ichukuliwe glasi moja ya sikukuu iliyotiwa vijiko vikubwa viwili vya maziwa mazito ya kopo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na vijiko vikubwa viwili vya sharubati ya chokoleti: glasi hiyo ina karibu gramu 40 za sukari kabla aiskrimu na krimu hazijatiwa, na kabla mnywaji hajagusa soda, keki wala kaimati za siku hiyo.

Kuondoa utamu kabisa si lazima, wala si haki kwa siku ya furaha. Njia bora ni kuutafuta utamu kupitia pua. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo hadi ndani ya pua wakati wa kumeza, na ubongo uliokwisha kuzoea kukutana na vanila, mdalasini na iliki ndani ya vyakula vitamu huhesabu harufu hizo kuwa dalili ya utamu, hata sukari ikiwa kidogo. Lakini ubaridi hudhoofisha harufu pia, kwa sababu mafuta ya asili yanayoibeba hayapai kwa urahisi kutoka katika kitu baridi, ndiyo maana viungo havifai kunyunyiziwa tu juu ya barafu mwishoni. Vinapaswa kuchemshwa kwanza ndani ya maziwa yenye mafuta, kwa wingi kuliko ule wa chai ya kawaida, kwa kuwa mafuta ya viungo huyeyuka vizuri katika mafuta ya maziwa na hubaki humo hata baada ya kupoa. Chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili, nayo husaidia, kwani sodiamu hupunguza uchungu wa kahawa na kuupa nafasi utamu uliopo.

Wenyeji wa pwani wana desturi inayoafikiana na elimu hii. Kahawa tungu ya barazani, inayomiminwa kutoka kwenye dele ikiwa na tangawizi na isiwe na sukari, husindikizwa na kipande cha kashata, tende au halua. Utamu huliwa pembeni, kinywa kikiwa na joto, na kipande kidogo hutosha. Mwenye kuandaa kahawa ya barafu anaweza kufuata mpango huohuo, akapunguza sukari ndani ya glasi na kuweka kashata moja kwenye kisahani.

Kwa glasi mbili za mililita 250 kila moja, vijiko vikubwa vinne vya kahawa iliyosagwa, takriban gramu 20, humiminiwa mililita 300 za maji yaliyotoka kuchemka, huachwa kwa dakika nne na kuchujwa. Nusu ya kahawa hiyo hutiwa katika trei ya barafu na kugandishwa, na nusu nyingine huwekwa kwenye jokofu. Kando yake, mililita 250 za maziwa huchemshwa pamoja na punje nne za iliki zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, kipande cha tangawizi kilichokwisha kuchemshwa katika maji machache na vijiko viwili vya chai vya sukari, kisha huchujwa na kupozwa. Wakati wa kuandaa, vyote hutiwa katika blenda pamoja na nusu ya ndizi mbivu iliyomenywa na kugandishwa, na mashine huendeshwa hadi mlio wa barafu inayogongana ukome. Asiyetumia maziwa kwa sababu utumbo wake hauwezi kumeng'enya laktosi, ambayo ni sukari ya asili ya maziwa, anaweza kutumia tui la nazi lililoongezwa maji, ingawa mafuta yake ni mengi na hayapaswi kumiminwa bila kipimo.

Tangawizi inahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, ambacho hukata kaseini, protini kuu ya maziwa, na kuyafanya yagande na kuingia uchungu. Kwa hiyo tangawizi huchemshwa kwanza katika maji machache kwa dakika chache ili joto likivunje kimeng'enya hicho, ndipo maziwa yaongezwe. Kungumanga nayo, inayolimwa Unguja na Pemba na kupendwa katika vinywaji vya sikukuu, itiwe kwa kukwanguliwa kidogo tu, kwa sababu ina kemikali iitwayo miristisini, na mtu akila vijiko vya chai kadhaa vya unga wake anaweza kupata kichefuchefu, mapigo ya moyo ya kasi na kuweweseka.

Kugandisha kahawa yenyewe badala ya maji ndicho kiini cha mapishi haya, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni ya fizikia. Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 334 za nishati ili iyeyuke, kiasi ambacho kingetosha kupandisha joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi 80. Joto hilo, liitwalo joto fiche kwa kuwa humezwa na barafu bila kipimajoto kupanda, ndilo linaloifanya barafu ipoze kinywaji kwa ufanisi mkubwa, lakini maana yake pia ni kwamba kahawa yenye nyuzi 80 huyeyusha barafu ya uzito sawa na wake kabla haijafika nyuzi sifuri. Anayemwaga kahawa ya moto juu ya barafu hupata maji ya rangi ya kahawa, kisha hujaribu kuyaokoa kwa sukari na sharubati. Kahawa ikiwa imekwisha kupoa, na barafu ikiwa ni kahawa vilevile, hakuna kinachochujuka. Ndizi iliyogandishwa huongeza uzito, kwa sababu pektini na nyuzinyuzi zake huyazuia maji yasijitenge na vipande vidogo vya barafu, kazi ambayo viwandani hufanywa na gundi maalumu.

Sababu ya pili ni ya usalama, na ndiyo nzito zaidi. Watu wengi huamini kwamba ubaridi wa friza huua vijidudu, na imani hiyo ni ya hatari. Ubaridi huvipunguza kasi na kuua baadhi yake, lakini bakteria na virusi vya kuharisha huweza kubaki hai ndani ya barafu na kuamka inapoyeyuka, na barafu ya maji machafu imewahi kuwa njia ya kueneza kipindupindu. Maji yaliyochemka kwa dakika moja, au dakika tatu katika maeneo yaliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa yameondolewa vimelea hivyo, na kahawa iliyopikwa kwa maji hayo na kumiminwa katika trei safi hutoa barafu salama. Barafu ya kununuliwa mitaani, inayotengenezwa kwa kupozea samaki au chupa za soda, haipaswi kuingia kwenye glasi kamwe. Maziwa mabichi nayo huweza kubeba bakteria wa brusela, waletao homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo, hivyo lazima yachemshwe hata kama yanatoka kwa mfugaji anayeaminika. Umeme ukikatika, maziwa yaliyokaa kwenye joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili yamwagwe, hasara hiyo ikiwa ndogo kuliko gharama ya kulaza mtoto hospitalini siku ya Mwaka Mpya. Kisu cha blenda kifunguliwe na kuoshwa pamoja na mpira wake, mahali ambapo mabaki ya maziwa hujificha.

Kuhusu kafeini, aina ya kahawa ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kuleta usingizi kwa kugusa vipokezi vyake. Kafeini, yenye umbo linalofanana nayo, hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Arabika, kama ile ya miteremko ya Kilimanjaro, ina kafeini ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wake, na robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, ina karibu mara mbili. Gramu 20 za arabika zikigawanywa katika glasi mbili huipa kila moja kiasi kisichozidi miligramu 120 hivi, lakini kwa robusta kila glasi inaweza kupita miligramu 200. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku bila wasiwasi, na kwamba mjamzito asizidishe 200 kwa siku nzima, kwa kuwa mwili wake huiondoa kafeini polepole. Kwa watu wengi nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano baadaye, hivyo glasi ya saa nne usiku wa mkesha bado inafanya kazi saa tisa usiku. Kinywaji baridi chenye utamu hunywewa haraka kuliko kahawa ya moto, na ndiyo sababu ya kukihesabu kwa makini zaidi. Watoto watengenezewe cha kwao kwa maziwa, ndizi na kakao kidogo, bila kahawa.

Wapo wanaotia pombe. Kafeini haipunguzi kilevi katika damu, bali humfanya mlevi ajione yu macho na mwenye uwezo, na ni kwa sababu hiyo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne mwaka 2010 zilizokuwa zikiuza pombe yenye kafeini. Anayetarajia kuendesha gari asiuguse mchanganyiko huo. Kahawa pia huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma kutoka kwenye chakula: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1983 ulionyesha kwamba kikombe kimoja kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzwaji huo kwa asilimia 39, na kwamba kukinywa saa moja kabla ya kula hakukuleta athari. Kwa wanawake wenye upungufu wa damu, basi, glasi hii inafaa asubuhi, mbali na pilau ya mchana.

Mwenye nyumba anayewaandalia wageni apime sukari kwa kijiko wakati maziwa yangali moto, aonje hapo hapo ulimi ukiwa na uwezo wa kuhisi kilichomo, na blenda ikishazimwa asiongeze tena.