Kiungo Kifupi cha Mtandao na Dhamana ya Mwandishi

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi mwandishi mwenye tovuti awezavyo kujiundia viungo vifupi vya mtandao, na sababu za kufanya hivyo. Anwani nyingi za mtandao ni ndefu mno: hazikai vizuri katika tanbihi, wala mhadhiri hawezi kuziandika ubaoni bila kukosea. Ndiyo maana wengi hutumia huduma za kufupisha anwani, kama vile TinyURL iliyoanza mwaka 2002.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Google ilianzisha huduma ya goo.gl mwaka 2009. Mwaka 2019 ikakoma kupokea viungo vipya. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba viungo vilivyokuwapo vingezimwa Agosti 2025, kisha ikalegeza uamuzi: vilivyokuwa vikitumika vikaachwa, visivyofunguliwa na mtu vikahukumiwa kuzimwa. Hapa pana hatari kwa taaluma yetu, kwani kiungo kilichomo katika tanbihi huweza kukaa miaka mingi kabla ya mtafiti kukihitaji.

Yafaa ieleweke kwamba kiungo kifupi hakihifadhi maandishi; huelekeza tu. Msomaji akikifungua, seva hulitafuta neno fupi katika jedwali lenye safu mbili: ya kwanza ina neno hilo, na ya pili ina anwani kamili. Kisha seva hukijibu kivinjari kwa kukipa anwani ya kwenda, pamoja na nambari 301, yaani uhamisho wa kudumu, au 302, yaani uhamisho wa muda.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, mwandishi hutumia jina la kikoa alilo nalo, au husajili jingine lililo fupi. Pili, huandika maelekezo katika faili ya seva. Na ikiwa viungo ni vingi, huweka programu kama YOURLS, ambayo hutolewa bila malipo. Tatu, huchagua maneno. Neno kama “ngeli”, likiandikwa baada ya jina la kikoa na mkwaju, hukumbukwa kwa urahisi kuliko herufi zilizochanganywa ovyo. Nne, huchagua nambari. Vivinjari huweza kuikumbuka 301 na kuendelea kumpeleka msomaji kwenye anwani ya zamani. Kwa hiyo 302 hufaa zaidi pale anwani inapotazamiwa kubadilika.

Faida kubwa ni kwamba chuo kikihamisha makala, mwandishi hurekebisha safu ya pili tu, na tanbihi iliyokwisha kuchapwa hubaki sahihi. Lakini uhuru huu una wajibu wake. Ada ya kikoa isipolipwa, viungo vyote hufa pamoja. Kwa hiyo hana budi kutunza nakala ya jedwali, kumkabidhi mwenzake nyingine, na kuchapa anwani kamili katika orodha ya marejeo. Kiungo kifupi ni ahadi kwa msomaji asiyejulikana, na aliyeitoa ndiye mwenye dhamana ya kuitimiza.