Andika Jina Nyuma ya Picha

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu wa kweli aliyeishi ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, na mkiisikiliza hadi mwisho mtataka mkasi na gundi.

Mtu huyo aliitwa Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, lakini masikio yake yalibaki kwa wazee wa kisiwani mwake. Aliona kwamba kila mzee akizikwa, kuna jambo linakwenda naye kaburini: namna ya kusalimiana ukweni, dawa ya mti fulani, ufundi wa kuvua. Basi akaketi akaandika kitabu kirefu sana kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Alipokuwa mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikachapwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Hesabuni wenyewe: miaka 35. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki.

Sasa niulizeni aliandika nini humo. Hakuandika vita vya watemi. Aliandika habari za Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka. Hawajajaliwa mtoto, wazazi wa mke wamemchukua binti yao, na mume anafunga safari kwenda kuwaomba wakwe wamrudishe. Anatozwa pombe ya ndizi, naye anahangaika kuitengeneza. Njiani mwa hadithi hiyo unaona watu wanavyolima, wanavyovua, wanavyougua na kutibiwa, wanavyokaribisha mgeni. Leo anayetaka kujua nyumba ya Mkerewe wa zamani iliendeshwaje anafungua kitabu hicho, kwa sababu mtu mmoja hakudharau mambo madogo.

Mambo makubwa yana walinzi wengi. Tarehe ya Uhuru, 9 Desemba 1961, imo katika vitabu vya shule, haiwezi kupotea. Lakini siku hiyo bibi yako mzaa mama alikuwa wapi? Alikula nini? Alikuwa ameshazaliwa? Hakuna kitabu cha serikali kitakachokwambia. Hiyo ni kazi yenu, na ndiyo ninayotaka kuwafundisha leo.

Tuanzie hapahapa Buhongwa, jijini Mwanza. Wazee wanaikumbuka ikiwa mashamba, vichaka na mawe. Leo ukisimama kando ya barabara ya Shinyanga unaona nyumba zimepanda hadi vilimani, na daladala zinaita abiria tangu alfajiri. Waliojenga nyumba hizo wametoka pande nyingi: Sengerema, Magu, Geita, Ukerewe, Bukoba, Musoma. Kwa hiyo karibu kila nyumba hapa ina hadithi ya siku ya kufika. Nani alikuja kwanza? Alikuja kutafuta nini? Alilala wapi usiku wa kwanza? Kiwanja kilionekanaje kabla ya tofali la kwanza?

Na Buhongwa ina jambo jingine. Dampo la jiji la Mwanza liko huku kwetu, taka za mjini huletwa hapa. Mtu akihama nyumba au mzee akifariki, watu husafisha chumba, na mara nyingi husafisha kwa haraka. Barua zilizofungwa kwa uzi, picha zilizopauka, daftari la hesabu za duka la babu, vyote hutiwa kwenye kiroba kimoja na maganda ya viazi. Aliyetupa hana ubaya. Ameona karatasi chakavu tu, kwa kuwa hakuna aliyeandika juu yake kwamba ni nini na ni ya nani.

Zamani Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uliowashwa uani, wazee na vijana wakakaa kuuzunguka. Hapo kijana alijifunza ukoo wake na adabu za watu wake bila kushika kalamu. Siku hizi jioni baba yuko njiani anarudi kutoka mjini, kaka anaangalia simu, na bibi yuko kijijini Kwimba au Misungwi. Masimulizi hayajaisha, ila hayakutani tena na wasikilizaji wake. Daftari la kumbukumbu linaweza kuwakutanisha: bibi anasimulia wakati wa likizo, wewe unaandika, na mdogo wako ambaye hajazaliwa atasoma.

Hamhitaji fedha nyingi. Kaunta buku moja ya kurasa nyingi inatosha, pamoja na penseli, mkasi, gundi na bahasha za kaki kadhaa. Daftari hilo usilijaze picha tu kama albamu ya harusi. Kila kitu utakachobandika kipe maelezo: nani, wapi, lini, na nani amekusimulia.

Haya, tutengeneze ukurasa mmoja pamoja. Tuseme unaandika juu ya michembe ya bibi. Juu kabisa weka tarehe ya leo, jina kamili la bibi, lile la dini na lile la Kisukuma, na kijiji alichozaliwa. Upande wa kushoto weka picha yake akiwa kazini, au mchore. Upande wa kulia eleza anavyofanya: anamenya viazi vitamu, anavikata vikiwa vibichi, anavianika juani juu ya jiwe. Akivichemsha kwanza ndipo avikate na kuvianika, hayo ni matobolwa, na hapo ufungue ukurasa mwingine. Muulize anajuaje kwamba vimekauka. Akisema huvunja kipande na kusikiliza mlio wake, andika hivyohivyo alivyosema, hata kama kuna neno la Kisukuma katikati. Usilirekebishe. Neno lake ndilo sura yake. Mwisho chukua kipande kimoja kikavu, kilaze juu ya karatasi, ukizungushie penseli ili ukubwa wake ubaki hapo. Kipande chenyewe ukile. Ukikibandika, wadudu watakifuata na watakula hadi daftari.

Hapo ndipo penye ufundi, maana karatasi nayo ina maradhi yake. Gazeti hugeuka manjano upesi. Limetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani ya mbao mna kitu kiitwacho lignini ambacho kikipata mwanga na hewa hubadilika rangi. Kwa hiyo habari ya gazeti itoe fotokopi, ubandike fotokopi hiyo. Risiti za mashine hufutika zaidi. Hazina wino: karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na baada ya muda maandishi hupotea. Risiti ya bati za nyumba yenu ikikaa miaka michache inaweza kubaki karatasi tupu. Inakili kwa mkono mapema.

Gundi ya uji wa unga ni rahisi, lakini mende wanaipenda. Selotepu huacha doa la kahawia na kuzifanya kurasa zing'ang'aniane. Picha ya zamani usiipake gundi mgongoni hata kidogo. Kata pembe nne ndogo za karatasi, bandika pembe hizo kwenye ukurasa, kisha chomeka kona za picha ndani yake. Siku mtu akitaka kuiona nyuma, ataichomoa bila kuichana. Na nyuma ya picha ndiko kwenye hazina: mara nyingine kuna mhuri wa studio, mwaka, au salamu kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa. Wewe nawe andika majina hapo, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino ikikandamizwa hutokeza upande wa mbele, juu ya uso wa shangazi.

Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule visiguswe na mkasi wala gundi. Bandikeni nakala, asili ibaki kabatini. Kipande cha kanga ya mama kinaruhusiwa, mradi kanga imeshachakaa na mama mwenyewe amekubali. Kata pale penye maandishi, kisha andika kanga hiyo alipewa na nani, kwa shughuli gani.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimwendea babu na kumwambia, "Babu, nisimulie maisha yako," atacheka aseme ni marefu. Mwamkie shikamoo, kaa chini, uliza kitu kidogo: "Babu, baiskeli yako ya kwanza uliinunua kwa fedha za nini?" Huenda ni za pamba. Kutoka kwenye pamba atafika kwenye ghala la ushirika, kutoka hapo kwenye rafiki aliyekuwa akipima mizani, na kabla chai haijapoa umepata kurasa tatu.

Wazee wengi hawashiki miaka, wanashika matukio. Babu akisema hakumbuki mwaka, msaidie kwa tukio. Ilikuwa kabla au baada ya Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeanza? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuta nyumba imeezekwa? Ukipata matukio mawili, moja la kabla na moja la baada, umeshaukaribia mwaka.

Kuna tukio moja ambalo mtalikuta katika nyumba nyingi za kandokando ya ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Mkigusa jina la mtu aliyekuwa humo, msimsukume anayesimulia. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akisema, "Hili usiliandike," weka kalamu chini na umtii. Kumbukumbu ni mali ya mwenye nayo kabla haijawa ya familia. Lakini akiwa tayari, muulize mtu huyo alikuwa akipenda nini, alikuwa akicheka vipi, alikuwa akiimba wimbo gani jikoni. Tusiruhusu mtu akumbukwe kwa siku yake ya mwisho peke yake.

Najua kuna anayesema, "Picha zetu zote zimo kwenye simu." Vizuri, na simu ni msaada mkubwa. Rekodi nayo sauti ya bibi, itapendwa kuliko picha. Ila simu huibiwa, huingia maji, hujaa ikafutwa. Kila mwisho wa muhula chagueni picha chache, zipelekwe studio zikasafishwe, ziandikwe majina, ziingie kwenye daftari. Daftari lenyewe lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa, lisikae dirishani kwa sababu ya jua. Sanduku la bati lililowekwa juu ya kabati linafaa. Likilowa siku ya mvua, lianikeni kivulini kwanza. Mkilifunga kwenye mfuko wa plastiki likiwa bichi, litaota ukungu.

Siku mkipata nafasi, nendeni Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na Wasukuma wenyeji. Mtaona ngoma na vitu vya watemi. Tazameni jambo moja: kitu kinapokuwa na maelezo ya kilikotoka na kilitumiwa na nani, mtu husimama mbele yake akasoma. Ngoma isiyo na habari ingekuwa mti uliowambwa ngozi. Mkeka wa bibi yako unaweza kuheshimiwa vivyo hivyo, ukipata mtu wa kuuandikia habari zake.

Na msidhani kumbukumbu ni za wazee tu. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Kabla ya hapo, aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo alingoja kivuko. Ninyi mliopanda kivuko kile ni mashahidi. Watoto wanaozaliwa sasa watavuka kwa dakika chache na hawatajua foleni ilikuwaje, abiria walikuwa wakisimama wapi, maji yalikuwa yakinukaje asubuhi. Mwenye tiketi ya kivuko nyumbani kwao aiombe leo. Asiye nayo aandike alichokiona.

Vivyo hivyo andikeni nauli ya daladala ya wiki hii kutoka Buhongwa hadi mjini, bei ya chapati shuleni, jina la mwenzenu mnayekaa naye dawati moja, mchezo mnaoucheza jioni. Leo inaonekana si kitu, hata mnaona aibu kuiandika. Kitereza naye angeweza kuona aibu kuandika jinsi watu wanavyopika pombe.

Chagueni mtunzaji mmoja wa daftari katika kila nyumba, na kila mtu, hata mdogo wa chekechea, apewe ukurasa wake. Mkitofautiana juu ya jambo, shangazi akisema hivi na mjomba akisema vile, andikeni yote mawili na jina la kila msemaji. Na mkirudi nyumbani jioni hii, chukueni picha moja tu ya zamani, mumpelekee mzee aliye karibu, mumuulize majina ya wote waliomo, kuanzia kushoto. Anzeni na huyo huyo aliye hai leo, anayeweza bado kuwaambia, "Hapana, mjukuu wangu, umekosea, huyo si shangazi yako, huyo ni mimi."