Uume Nao Huvunjika

Leo nagusa jambo lisilosemwa mezani. Walioketi na wakwe karibu na redio wanisamehe.

Hapa kwetu Daraja Mbili mwanamume akivunjika mguu, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Akiumia uume, hata mkewe huambiwa anyamaze. Anameza vidonge vya maumivu, anangoja. Kungoja huko ndiko kunakoharibu.

Uume hauna mfupa, lakini huvunjika. Ndani yake mna mihimili miwili ya tishu laini kama sponji inayojaa damu, nayo imevikwa utando mgumu. Uume ukiwa umelala, utando huo una unene wa milimita 2 hivi. Ukisimama, hutanuka na kubaki nusu milimita au pungufu. Ukikunjwa kwa nguvu wakati huo, mara nyingi katika tendo la ndoa, utando hupasuka.

Husikika mlio kama kijiti kinachokatika. Maumivu makali, uume kulegea papo hapo, kisha uvimbe na rangi ya zambarau, hata madaktari huufananisha na bilinganya. Maelezo ya mgonjwa na macho ya daktari mara nyingi hutosha. Penye shaka hupigwa ultrasaundi. Lakini damu ikitoka tunduni, au mkojo ukigoma, huenda njia ya mkojo nayo imechanika. Hapo hupitishwa dawa maalumu na kupigwa eksirei.

Tiba ni upasuaji, vizuri zaidi ndani ya saa 24. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi, ngozi huvutwa nyuma, damu iliyoganda hutolewa, mpasuko hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Kisha hukaa mbali na tendo la ndoa kwa wiki 6 hivi. Asiyeshonwa anaweza kubaki na uume uliopinda, au usiosimama.

Hospitali ya Mount Meru iko hapa hapa mjini. KCMC ya Moshi, yenye mabingwa wa njia ya mkojo, ni kilometa 80 hivi.

Ukifika, sema kweli. Wapo wanaosingizia baiskeli, nao hujiponza: kuangukia bomba la baiskeli huumiza njia ya mkojo huku nyuma ya korodani, na daktari ataanza kutafuta huko. Yeye anataka kujua ilikuwaje na saa ngapi. Ulikuwa na nani, hakumhusu.