Saa ya Kuzaliwa Aijua Mama

Uchungu wa mwana, aujuaye mzazi. Kumbe na saa ya uchungu huo aijuaye ni yeye.

Mpwa wangu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia na karatasi mkononi. Ataka kutazamiwa nyota na mnajimu wa ng'ambo, naye amemtaka mambo matatu: mji aliozaliwa, tarehe, na saa barabara. Wanajimu wetu wa zamani hawakuihitaji saa hiyo. Walichukua jina lako na la mama yako, wakajumlisha herufi kwa hesabu ya abjadi, wakatoa kumi na mbili kumi na mbili. Baki ndiyo iliyowaonyesha buruji yako, tangu Hamali hadi Hutu. Huyu wa ng'ambo hutafuta buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Na mbingu huzunguka digrii 15 kwa saa, hata kila baada ya saa 2 hivi buruji moja humpisha mwenziwe.

Cheti cha binti chasema 12 Septemba 1994. Saa haimo. Basi tukamwendea dada yangu, naye hakufikiri mara mbili: "Nilikuzaa usiku wa Jumatatu, mwadhini yuwaadhini isha."

Binti akaandika upesi: Jumatatu, tarehe 12, saa 1.30. Nikamzuia. Sisi Waswahili siku yetu huanza jua linapokuchwa, kwa hivyo usiku wa Jumatatu ndio ule Wazungu wauitao Jumapili usiku. Tarehe ya haki basi ni 11. Aliyeandikisha alilisikia jina la siku, akaisahau hesabu yake. Tena saa yetu moja na nusu ya usiku, kwao ni 19.30. Angeituma 1.30, mnajimu angeisoma kuwa ni baada ya usiku wa manane, na badala ya Hamali angempa Saratani. Angekuwa amesomewa nyota za mtu mwingine!

Je, adhana yatosha kuwa saa? Kwetu yatosha sana. Mombasa i digrii 4 tu kusini ya ikweta, na kuchwa kwa jua kwa mwaka mzima hupishana kama nusu saa tu. Chukua kalenda ya nyakati za sala, uitazame tarehe ile ile ya mwaka wowote. Saa ya isha utaiona ni ile ile, ila kwa dakika chache.

Mimi simwambii mtu aamini utabiri. Wanazuoni wametenga zamani baina ya falaki, itupayo kibla na saa za sala, na kubashiri ya ghaibu. Lakini kuijua saa uliyokuja duniani si kupiga ramli. Ni kuijua tarikhi yako mwenyewe, na tarikhi hiyo haikuandikwa popote ila katika kifua cha mama, au cha mkunga aliyempokea.

Mama yangu alikuwa akiniambia nilizaliwa "mchana, siku ya mvua kubwa." Sikupata kumuuliza ni adhana gani aliyoisikia kabla yangu, adhuhuri au alasiri. Nilidhani nina wakati. Leo yuko makaburini, na mkunga wake pia. Wewe ambaye mamako yu hai, kamuulize jioni hii.