Je, Wajua? Filamu Zilizouza Hofu ya Dawa za Kulevya

Je, wajua kwamba filamu zilikuwa bado bubu zilipoanza kuwaonya watu juu ya kokeni? Mwaka 1912 D. W. Griffith wa Marekani alitoa filamu fupi, For His Son: daktari anatia kokeni kwenye soda ili amtafutie mwanawe mali, na mwana huyohuyo anainywa hadi inamuua.

Na wajua kwamba miaka minne baadaye Douglas Fairbanks aliigiza mpelelezi anayejidunga kokeni kutwa, na filamu hiyo ilikuwa ya kuchekesha?

Kicheko kilikatika kwa Wallace Reid. Mwaka 1919 nyota huyu wa Hollywood aliumia katika ajali ya treni akielekea kupiga picha. Ili kazi isisimame, alipewa mofini ya kutuliza maumivu, akazidi kupewa, hadi mwili ukashindwa kuishi bila hiyo. Alifariki tarehe 18 Januari 1923 akiwa na miaka 31. Mjane wake, Dorothy Davenport, hakuficha kitu. Mwaka huohuo alitayarisha Human Wreckage, akaigiza ndani yake, tena kwa jina la marehemu: Bi. Wallace Reid. Uingereza ikaipiga marufuku. Leo hakuna nakala inayojulikana kubaki, na hasara hiyo inauma, maana wengi waliomfuata walikuwa wachuuzi tu.

Wachuuzi hao walipenyaje? Kanuni za Hollywood za mwaka 1930, zilizokazwa 1934, ziliyakataza makampuni makubwa kuonyesha biashara ya dawa za kulevya. Watengenezaji wadogo, wasiofungwa na kanuni, walibeba mikanda yao mji hadi mji. Filamu ilianza kwa maandishi ya kuapa kwamba lengo ni kuelimisha. Kisha zikaja sindano, wanawake nusu uchi na vifo. Watu wakiichoka, ilirudi kwa jina jipya.

Je, wajua kwamba Dwain Esper, mmoja wa wachuuzi hao, akiitangaza filamu yake Narcotic ya mwaka 1933, aliweka maiti iliyokaushwa kwenye milango ya kumbi za sinema, akidai ni ya teja? Ulikuwa uongo. Ilikuwa maiti ya Elmer McCurdy, jambazi wa treni aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka 1911, ambayo ilitiwa dawa isioze na kuzungushwa kwenye maonyesho. Desemba 1976 mafundi wa kipindi cha televisheni waliikuta imening'inizwa kwenye bustani ya burudani huko Long Beach, California. Walidhani ni sanamu, hadi mkono ulipokatika na mfupa ukachomoza. McCurdy alizikwa 1977. Binadamu alinyimwa kaburi karibu miaka 66 ili watu wauze tiketi!

Filamu ya Reefer Madness ya mwaka 1936 unaweza kuwa umeisikia. Vijana wanavuta bangi, na ndani ya saa moja na dakika chache mmoja amegonga mtu kwa gari, msichana amepigwa risasi, mwanamke amejirusha dirishani na mwanamume mmoja amerukwa na akili moja kwa moja. Bangi ina madhara yake, lakini kijana aliyewahi kuona jirani akivuta asife angeamini nini tena? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Keith Stroup, mtetezi wa kuhalalisha bangi, alinunua nakala ya filamu hiyo, na wanafunzi wa vyuo wakawa wanaitazama kwa vicheko.

Na mwigizaji Lila Leeds, wajua? Mwaka 1948 alikamatwa na bangi Los Angeles pamoja na mwigizaji Robert Mitchum, na wote wawili wakahukumiwa kifungo cha siku 60. Mitchum alitoka akaendelea kuwa nyota. Leeds alipewa kuigiza msichana mvuta bangi katika filamu ya mwaka 1949, iliyouzwa kwa kashfa yake mwenyewe, na baada ya hapo Hollywood haikumpa tena nafasi kubwa.