Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kuutafuta Mwanga Usiotufikia

Kuna mwanga wa galaksi za mwanzo ambao hata darubini ya James Webb haiwezi kuuona. Ni urujuanimno wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 91.2, wenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu ya haidrojeni. Katika miaka bilioni 1 hivi ya kwanza baada ya Mlipuko Mkuu, mwanga wa aina hiyo uliusafisha ukungu wa haidrojeni uliojaa kati ya galaksi.

Nani aliufanya usafi huo? Wanaoshukiwa zaidi ni galaksi changa zenye nyota kubwa za moto. Lakini ili zihesabiwe, lazima sehemu ya mwanga wao iwe ilitoroka bila kumezwa na gesi ya galaksi yenyewe. Hapo ndipo penye kazi: hata uliotoroka humezwa na haidrojeni ya njiani kabla ya kutufikia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Basi wanaastronomia hujifunza mawingu kwa galaksi za karibu, ambako mvua yenyewe inaonekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, darubini ya Hubble ilipima galaksi 66 na kuuona mwanga huo moja kwa moja katika 35. Kabla yake, mwaka 2018, galaksi moja ya jamii iitwayo "njegere", kwa udogo wake na rangi yake ya kijani, ilikutwa ikivujisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga huo.

Dalili kuu ni tatu. Ya kwanza ni Lyman-alfa, mwanga wa haidrojeni wa nanomita 121.6, ambao mara nyingi huchora vilele viwili kwenye grafu; vilele vikikaribiana, gesi ni haba na njia iko wazi. Ya pili ni oksijeni: iliyopoteza elektroni mbili ikiizidi sana iliyopoteza moja, huenda gesi imetobolewa. Ya tatu ni rangi: galaksi yenye ubuluu mwingi ina vumbi dogo la kuuzuia mwanga.

Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua. Zipo galaksi zenye oksijeni ya kupendeza ambazo hazivujishi chochote tunachokiona. Pengine tundu limeelekea upande mwingine. Na dalili bora, vilele vya Lyman-alfa, ndiyo inayoharibika kule mbali, kwa kuwa ukungu uleule hukifuta kilele kimoja.

Ndiyo maana dalili husomwa kwa pamoja, kama ushahidi wa majirani kadhaa. Tukiamini moja tu, tunaweza kuwapa sifa ya kuusafisha ulimwengu wasiostahili.